Zipu ya Mama Mkwe

Bibi yangu ana ramani yake ya Brussels, na haifanani na ya mtu mwingine yeyote. Haina majumba ya wafalme wala ofisi za Ulaya. Ina choo cha msikiti, upande wa wanawake, chenye ndoo na kopo. Ina choo cha zahanati, kisafi lakini mlango wake mzito. Ina choo cha Mturuki mwoka mikate kwenye kona ya mtaa wetu wa Saint-Josse, ambacho si cha wateja, ila mwenye duka naye ana mama yake mzee na anaelewa. Mahali palipo mbali na vyoo hivyo, kwake, hapafikiki. Anapajua kwa jina, amepaona kwenye televisheni, lakini ni kama mwezini.

Alikuja kuishi nasi kutoka Bujumbura akiwa tayari mtu mzima sana, na kibofu chake kilifika kimechoka kuliko yeye. Daktari akampa vidonge. Vidonge vilisaidia kidogo. Kilichosaidia zaidi ni kutokwenda popote.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nilisoma sosholojia kwenye chuo kikuu cha hapahapa, na kabla ya hapo nilikuwa nimeshawachosha walimu wawili wa madrasa. Kwa hiyo lilipokuja suala la Bibi na vyoo, niliuliza. Kwa nini mji huu una vyoo vya bure vya wanaume barabarani, kimoja kimebandikwa kabisa kwenye ukuta wa kanisa, ambapo mwanamume anasimama ameipa barabara kisogo na Mungu uso, lakini mwanamke lazima aingie mgahawani akanunue kahawa asiyoitaka, kahawa ambayo baada ya nusu saa itamrudisha palepale? Kwa nini fahari kuu ya mji ni kisanamu cha mtoto wa kiume anayekojoa hadharani, watalii wakimpiga picha? Nilimpeleka Bibi kumwona mwaka wake wa kwanza. Alimtazama sana, kisha akanivuta mkono.

"Huyu amepata mahali pake," alisema. "Twende zetu, mke mwenzangu. Mimi sijapata."

Ananiita mke mwenzangu, kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike, kwa madai kwamba mimi na yeye tuligombea mume mmoja, yaani marehemu babu yangu. Anadai nilishindwa kwa sababu ya maneno mengi.

Basi Bibi akabaki nyumbani, na nyumbani kuna televisheni. Alasiri za baridi, vipindi vya dini vikiisha, hutazama mashindano ya kuteleza kwenye theluji. Sijui alianzaje. Hajui lugha ya mtangazaji na hahitaji. Humfurahisha kuona watu wazima, wenye akili zao na bima zao, wakipandishwa mlimani kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya ili washuke wakianguka. Akiona mtu amebiringika hadi chini, hupiga makofi na kusema "Pole, mwanangu," yote mawili kwa moyo mmoja.

Siku moja alisema, bila kuniangalia, "Laiti ningeiona theluji ile wanayochezea. Si hii yetu ya mtaani. Hii ikifika adhuhuri inakuwa kama maji ya kudekia."

Kuna ukumbi pembezoni mwa mji ambamo theluji hutengenezwa kwa mashine mwaka mzima, kiangazi na masika, na watu wa Brussels huenda kujifunza kuteleza kabla ya kwenda milimani. Nikamwambia. Macho yakamng'aa, kisha yakazima.

"Kuna choo?"

"Bibi, ni mahali pa umma. Lazima kiwepo."

"Lazima," alisema. "Umekiona?"

Sikuwa nimekiona. Nami ndiye mtu ninayewaambia wengine wasiamini wasichokithibitisha.

Hivyo ndivyo nilivyopanda metro na kisha basi, Jumamosi moja, hadi kwenye ukumbi wa theluji, si kuteleza, bali kukagua choo. Kwa nje ni jengo kubwa la mabati ya kijivu lililolalia kilima, kama ghala lililoteleza likaachwa hapo. Ndani kuna harufu ya soksi mbichi na viazi vya kukaanga. Msichana wa mapokezi aliniambia vyoo ni vya wateja. Nikamwambia nafikiria kuwa mteja, lakini inategemea choo. Alinitazama, akatazama foleni nyuma yangu, akanionyesha njia kwa kalamu.

Sijawahi kuona choo cha namna ile. Sakafu yake ni ya mpira wenye mistari, ili viatu vya skii visiteleze, na kila mahali pana madimbwi ya theluji iliyoyeyuka. Wanawake wanaingia wakitembea kama roboti, kwa sababu viatu vile havikunji kifundo cha mguu. Wengine hukausha glavu kwenye mashine za kukaushia mikono. Kutoka kwenye kila kijumba husikika mapambano: vifungo, kanda, mtu anajigonga kiwiko ukutani na kutukana kwa Kiflemi. Nikawaza kwamba mchezo mgumu kuliko yote katika jengo lile unachezwa humu, na hakuna anayeutazama kwenye televisheni.

Nikatoa chupa yangu ya plastiki. Kwa watu wa kwetu huu ndio mtihani wa choo chochote Ulaya, maana karatasi pekee haimtakasi mtu: je, chupa inaingia chini ya bomba? Haikuingia. Bomba lilikuwa fupi, la kubonyeza, linatoa maji kidogo kisha linakata kama mtu aliyekasirika.

"We dada, unafanya contrôle ya vyoo ao nini?"

Mlangoni, kwenye kiti, alikaa mama mmoja aliyevaa koti jeupe la kazi, na juu ya koti kitambaa cha kitenge begani. Ndiye msimamizi wa choo. Alinisemesha Kiswahili bila kubahatisha. Chupa ilikuwa imenitambulisha.

Nilimweleza habari za Bibi. Yeye mwenyewe ni wa Bukavu, Kongo.

"Burundi! Ah bon, donc majirani," alisema. "Na maman yako anaogopa nini? Baridi?"

"Anaogopa kuchelewa kufika."

Hakucheka. Aliinuka, akachukua ufunguo mfukoni, akafungua mlango mpana uliokuwa na alama ya kiti cha magurudumu. Ndani palikuwa na nafasi ya kuswalia watu wanne. Palikuwa na vyuma vya kushikilia, kipasha joto ukutani, na sinki humohumo ndani, na bomba lake refu, lililopinda kama shingo ya bata. Chupa iliingia, ikajaa, nikaimwaga, nikaijaza tena kwa raha tu.

"Na chauffage, unaona? Mie mwenyewe nakuyaga humu kuota moto, mushefu wa kazi akienda kula. Ufunguo iko na mie. Umulete maman samedi, asiogope kitu."

Nilirudi nyumbani na ripoti. Bibi aliisikiliza akiwa ameweka televisheni kimya. Aliuliza kuhusu umbali kutoka kwenye theluji, kuhusu ngazi, kuhusu komeo. Kisha akasema, "Jumamosi, inshallah," na kuanzia hapo nyumba nzima ikachangamka kama inamwoza mwari.

Aliyechangamka kuliko wote alikuwa baba yangu, na hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Baba ni fundi cherehani. Duka lake liko chini ya jengo letu, sisi tunaishi juu, ghorofa ya tatu. Bibi ni mama yake mama yangu, yaani mama mkwe wa Baba, na kati ya watu wawili hao pana heshima nzito kama pazia la msikiti. Hawakai kwenye kochi moja. Baba akija sebuleni hukohoa kwanza kwenye korido. Wakitaka kuambiana jambo, wanamtuma mtu, hata kama mwenyewe yuko hapohapo anasikia: "Mwambie baba yako mvua inakuja." "Mwambie Bibi nimechukua mwavuli." Na tangu Bibi ahamie kwetu, Baba hajatumia choo cha nyumbani mchana. Hushuka ghorofa tatu hadi kwenye choo cha duka, awe na haraka kiasi gani.

Nilishawahi kumwambia, "Baba, hii ni fiziolojia tu. Kila mtu anayo."

"Ni kweli," alisema. "Lakini hii ni fiziolojia ya mama mkwe wangu."

Sasa, mtu asiyeweza kumwambia mama mkwe wake kwamba anampenda, akisikia anakwenda kwenye theluji, atafanya nini? Atashona. Baba alitafuta kwenye soko la mitumba suti ya theluji, ya buluu, kipande kimoja kuanzia shingoni hadi miguuni, kitambaa kizuri sana, akaifumua ili aitengeneze upya kwa mwili wa Bibi. Ila hakuweza kumpima. Fundi kumzungushia mama mkwe futi ya kupimia? Haiwezekani. Nikapima mimi huko juu, nikashuka na vipimo, naye akaviandika bila kutaja kifua wala nyonga. Alisema "sehemu ya juu," "sehemu ya kati," "sehemu inayofuata."

Zipu ya zamani aliitoa. Akaweka nyingine ya chuma, pana, ya aina inayowekwa kwenye mahema, kuanzia kidevuni hadi chini ya kitovu.

"Hapa hata upepo wa Alps haupiti," alisema, akiipandisha na kuishusha kwa fahari.

"Na akitaka kujisaidia?"

Baba aliweka mkasi mezani. Akatazama dari, kama mtu anayesubiri neno chafu litoke nje ya duka lenyewe.

"Hilo si swali la kuniuliza mimi."

"Lakini Baba, wewe ndiye unayeshona."

"Muulize mama yako."

Mama alikuwa anakimbilia zamu yake kwenye nyumba ya wazee huko Uccle, mkono mmoja ndani ya koti. "Si atavua?" alisema. "Ana mikono." Suala likafungwa.

Jumamosi ikafika. Mama alikuwa zamu, kwa hiyo tulikwenda watatu: Baba akiendesha, mimi kando yake, Bibi nyuma, amevaa suti ya buluu na kilemba cheupe, anang'aa kama balozi. Asubuhi hakunywa hata chai, kama kawaida yake ya safari. Na ndani ya suti, juu ya gauni, alikuwa amejifunga kanga kiunoni. Nililiona hilo wakati namvisha.

"Bibi, kanga ya nini ndani? Hakuna atakayeiona."

"Kwa hiyo nitembee na suruali tu mbele ya mkwe wangu?"

"Mkwe wako ataona suti. Kanga imo ndani."

"Mke mwenzangu," alisema, "kwani heshima inavaliwa nje?"

Nikapandisha zipu.

Ukumbini, chini kabisa ya mteremko, kuna sehemu tambarare ambapo wazazi husimama kuwatazama watoto wao. Tulimsimamisha hapo. Taa kubwa zilikuwa zinawaka juu, theluji nyeupe imepanda hadi kwenye paa, na watu wanashuka kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Bibi aliinua mguu, akaukanyaga chini taratibu, akauinua tena.

"Kumbe inalia," alisema. "Televisheni haisemi kwamba inalia."

Akainama, akachota, akaibana mkononi mpaka ikawa donge, akainusa. Mwanamume mmoja mrefu sana alikuja akiteleza, akapoteza mwelekeo, akakaa chini mbele yetu kwa kishindo.

"Pole, baba!" Bibi alimpigia kelele kwa Kiswahili. "Inuka, inuka, hakuna aliyeona!"

Mwanamume akainua kidole gumba, akidhani amesifiwa. Bibi alicheka mpaka akanishika bega. Baba, umbali wa heshima, karibu na wavu, alikuwa anapiga picha mteremko, huku simu yake ikipitia kwa Bibi kila baada ya muda kama kwa bahati mbaya.

Halafu ule mkono wa begani ukashuka kwenye kiwiko changu, ukabana. Hiyo ndiyo ishara yetu. Hakuwa amekunywa kitu, lakini baridi hufanya kazi ya chai.

Tulikwenda kwa mwendo wa watu wasio na haraka, kwa sababu Baba alikuwa anaona. Kwenye korido tukaongeza mwendo. Yule mama wa Bukavu alituona tangu mbali, na tulipofika mlango mpana ulikuwa wazi.

"Karibu maman, karibu nyumbani," alisema, akatufungia.

Nikashusha zipu. Ilishuka vizuri kabisa, kwa mlio wa chuma kipya, kutoka kidevuni hadi tumboni, na pale kiunoni, kwenye fundo la kanga, ikasimama. Nikavuta. Ikauma zaidi. Pindo la kanga lilikuwa limeingia ndani ya meno ya zipu, limejikunja, na kila nilipovuta chini lilizidi kumezwa. Mabega ya Bibi yalikuwa nje, mikono nje, lakini suti ilikuwa imemkamata nyonga kama chupa inavyokamata kizibo.

"Usivute kama unafungua gunia," alisema.

"Subiri."

"Mke mwenzangu, muda sina."

Nilifungua mlango kidogo nikamwuliza yule mama kama ana mkasi. Hakuwa nao. Wa kwenye duka la kukodisha vifaa wanao, alisema, lakini ni mwisho wa jengo. Nikamgeukia Bibi, nikashika kitambaa cha suti kwa mikono miwili.

"Tunaipasua."

Bibi alinipiga kofi la mkono. Kofi la kweli.

"Suti ya mkwe wangu huipasui! Ataiona. Atauliza imepasukaje, na hata asipouliza atajua." Alikuwa amesimama ameshika chuma cha ukutani, magoti yamebanana, na jasho limetoka chini ya kilemba. "Nikiaibika mbele yako, kesho tutacheka. Nikiaibika mbele yake, nitahama nyumba. Nakuapia, nitarudi kwetu Buyenzi, Bujumbura."

Nilimjua vizuri. Hakuwa anatania.

Yule mama aliingiza kichwa. "Nani alishona hiyo zipu?"

"Baba yangu. Yuko nje."

"Ni mwana wake, huyu maman?"

"Mkwe wake."

"Aaaah." Alivuta sauti ile ndefu ya watu wa Kivu ambayo peke yake ni sentensi nzima. "Bon. Donc hawezi kuingia. Na hawezi kujua."

Akaacha mlango wetu wazi kiasi cha kidole, akaenda hadi kwenye mlango wa nje wa choo. Kutoka pale nilipokuwa nimepiga magoti nilimwona Baba kwenye korido, ametupa kisogo, anasoma tangazo la namna ya kukimbia moto. Alikuwa ametufuata kwa umbali wake, kwa wasiwasi wake.

"Papa!" yule mama aliita. "Sorry, papa, unajua mambo ya nguo?"

Baba hakugeuka. "Kidogo."

"Alors, humu iko mutoto mumoja, zipu yake imekataa."

"Mtoto wa nani?"

"Wa batu."

"Zipu ya namna gani?"

"Ya chuma. Kubwa. Ya mbele."

Niliona mabega ya Baba yakipanda, yakakaa juu, yakashuka. Niliogopa atakohoa aondoke. Bibi alikuwa amefumba macho.

"Na hicho kilichoingia," Baba aliliuliza tangazo la moto, "ni kitambaa gani?"

Yule mama alinigeukia. "Kanga," nilinong'ona, na nilipokwisha kusema nikajua nimeharibu. Mtoto gani wa Ubelgiji anavaa kanga ndani ya suti ya theluji?

"Kanga!" yule mama akatangaza.

"Watoto wa siku hizi," alisema Baba kwa utulivu, "wanavaa chochote. Kanga ni pamba, na pamba si kaidi. Mwambie dada yake huyo mtoto aache kuvuta chini. Anavuta chini, sivyo?"

"Anavuta sana," alisema yule mama.

"Ndiyo tabia yake. Arudishe zipu juu kwanza, kidogo tu, kule ilikotoka. Halafu apake sabuni kwenye meno. Kavu kama ipo, ya maji kama hakuna. Kisha aiache zipu. Avute kitambaa, siyo zipu. Kwa pembeni, kidogokidogo, kama anamtoa mwiba mtu anayempenda."

Nilibonyeza sabuni ya ukutani, nikaipaka. Juu kidogo. Ilikataa, kisha ikakubali. Nikashika pindo la kanga, nikalivuta pembeni, uzi kwa uzi.

"Mwambie mtoto avute pumzi," sauti ya Baba ilisema. "Aingize tumbo. Asiwe na hofu, hakuna mtu hapa."

"Mtoto amesikia," Bibi alisema kwa sauti nyembamba.

Bibi akavuta pumzi, tumbo likaingia, na kanga ikatoka, imekunjamana, ina povu na alama ya meno. Zipu ikashuka hadi mwisho kwa mkupuo mmoja. Nilimsaidia kushusha suti magotini, nikaweka chupa iliyojaa karibu na mkono wake, nikatoka nikafunga mlango.

Yule mama, bila kuniangalia, aliegemeza kiwiko kwenye mashine ya kukaushia mikono. Ikanguruma. Ilipotaka kuzima, akaigusa tena, na ya pili pia, hata kwenye korido lisisikike lolote. Wanawake wawili waliokuwa na mikono iliyolowa walisimama wakisubiri. Aliwaambia kwa Kifaransa kwamba mashine ziko kwenye majaribio. Baadaye kidogo, chini ya ngurumo ile, nikasikia kutoka nyuma ya mlango mpana neno moja refu, lenye raha isiyo na mfano:

"Alhamdulillaaah."

Tulicheka mpaka yule mama akaketi kwenye kiti chake.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, kwa sababu siwezi kuacha jambo likapita hivihivi. Bado naamini swali langu dukani lilikuwa la haki. Baba angelijibu, suti ingekatwa vipande viwili, juu na chini, na Bibi angepita kwenye choo kile kama mtu yeyote. Haya ya Baba ndiyo iliyoshona ile zipu. Lakini ni haya hiyohiyo iliyosimama kwenye korido ikasoma tangazo la moto na kumwokoa mtoto wa watu. Nikijaribu kuandika hitimisho, mkono unasita. Labda ndiyo sababu sikuendelea hadi shahada ya uzamivu.

Bibi alitoka amejitengeneza, kilemba kimenyooka, suti imefungwa, kanga sasa imefungwa juu ya suti, mahali ambapo zipu haiwezi kuifikia. Ilionekana ajabu na ilimpendeza. Akamshika yule mama mikono yote miwili, akamwombea dua ndefu kwa Kiswahili na Kirundi, watoto wake, mume wake, magoti yake. Yule mama, Mkristo wa watu, aliitikia "Amen" kila pahali palipohitaji.

Kwenye korido tulipita karibu na Baba. Alikuwa amefika aya ya mwisho ya tangazo.

"Yule mtoto vipi?" aliniuliza.

"Amepona."

"Watoto wa watu wana taabu," Bibi aliuambia ukuta.

"Sana," Baba aliliambia tangazo.

Nilidhani Bibi ataomba turudi nyumbani. Badala yake alirudi kwenye theluji kama mtu anayerudi kazini. Alikaa huko hadi mchana ukaisha. Alikwenda tena chooni, peke yake safari hii, akisema anakwenda kumsalimia rafiki yake. Mwalimu mmoja wa watoto, kijana mwenye pua nyekundu, alimpa kigari cha plastiki cha kukalia, akamvuta kwa kamba kuzunguka ile sehemu tambarare. Bibi aliketi humo mgongo wima, miguu imenyooka mbele, akiwapungia wazazi wa Kibelgiji, nao wakampungia. Baba alianza kumpiga picha, akakumbuka, akanipa mimi simu.

Tulipokuwa njiani kurudi, taa za mji zimeanza kuwaka na madirisha ya gari yamejaa ukungu, Bibi alikuwa amelaza kichwa nyuma, macho yamefungwa. Baba alifuta ukungu kwenye kioo kwa kiganja. Halafu akaniambia kwa sauti ya chini, "Ile zipu. Ningeweka ya plastiki. Na ningekata pale katikati, vipande viwili. Fundi mzuri angefikiria hilo."

Kwa mara ya kwanza, sikuuliza kitu.

Kutoka kiti cha nyuma, macho bado yamefungwa, Bibi alisema, "Mke mwenzangu, mwambie baba yako chuma ni kizuri, kinazuia upepo kabisa. Ni yule mtoto tu alikuwa na haraka."

Baba aliangalia barabara. Alifika kwenye taa nyekundu, akasimama, ikawa kijani na bado amesimama, na gari la nyuma likapiga honi.

"Mwambie Bibi," alisema alipoondoa gari, "amwulize huyo mtoto. Vipande viwili, atapenda?"

"Atapenda," Bibi alisema, kabla sijafungua mdomo kupeleka ujumbe. "Na mwambie aharakishe. Mtoto anarudi Jumamosi."